Je, miti inaponya sonona, au wenye afya ndio wanaohamia penye miti?

SWALI: Daktari, nimesoma mara nyingi kwamba wanaoishi karibu na miti na bustani hawapati sonona kwa wingi kama wanaoishi penye zege tupu. Watafiti wanajuaje kwamba sababu ni miti? Mwenye kipato kizuri ndiye anayeweza kupanga penye bustani, na aliyezidiwa na huzuni hatoki nje kabisa. Nauliza kwa sababu dada yangu anatumia dawa za sonona, na baada ya kusoma habari hizo anataka kuziacha, ahamie mahali penye msitu.

JIBU: Shaka yako ina msingi, na watafiti wa fani hii wamepambana nayo kwa miongo kadhaa. Nitajibu la utafiti kwanza, kisha la dada yako. Hayo ni mambo mawili, na kuyachanganya kunaweza kumdhuru.

Unapokutana na matokeo ya namna hii, anza na swali moja: nani aliamua kwamba mtu huyu akae karibu na miti? Akiwa ameamua mwenyewe, basi yote yaliyomwezesha kuamua hivyo, yaani kipato, afya, elimu na muda, yameingia kwenye matokeo pamoja na miti. Kadiri uamuzi unavyotoka mikononi mwake, ndivyo ushahidi unavyopata nguvu.

Utafiti wa England wa mwaka 2019 unanukuliwa kila mahali. Ulitumia majibu ya watu karibu 20,000, na waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walieleza kuwa na afya na hali njema zaidi kuliko wasiokwenda kabisa. Tangu hapo dakika 120 zimegeuzwa kuwa dozi, na hilo linanisumbua. Watu waliulizwa mara moja tu, wakati mwenye nguvu ndiye anayetoka kutembea na aliyelemewa hubaki ndani. Watafiti wenyewe walitahadharisha kuhusu jambo hilo, lakini tahadhari ilibaki nyuma namba ikasafiri peke yake.

Mwaka huohuo Denmark ilitoa utafiti wenye uzito zaidi. Zaidi ya watu 900,000 waliozaliwa kati ya 1985 na 2003 walifuatiliwa kwa kumbukumbu za taifa, na picha za setilaiti zikaonyesha kiasi cha kijani kuzunguka nyumba walizokulia. Waliokulia penye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kupata ugonjwa wa akili baadaye, hadi asilimia 55 kwa baadhi ya magonjwa, hata baada ya kuhesabu kipato cha wazazi na magonjwa ya akili katika familia. Mtoto hachagui pa kukulia, na hapo utafiti huu unaupita wa England. Hata hivyo wazazi wake walichagua, na hesabu huweza kuondoa yale tu yaliyopimwa.

Tuisome vizuri pia hiyo asilimia 55, kwa sababu hutisha watu bila sababu. Ni ongezeko la kulinganisha. Tuseme kwa mfano kwamba kati ya watu 1,000 waliokulia penye kijani kingi, 20 wangeugua. Ongezeko la asilimia 55 litawafikisha 31. Hao 11 wa ziada ni binadamu na wana uzito katika mipango ya miji, lakini 969 waliokulia penye zege hawakuugua.

Njia nyingine ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. Uingereza ilifanya hivyo kwa watu zaidi ya 1,000 waliohama makazi, katika matokeo yaliyotoka mwaka 2014. Waliohamia penye kijani zaidi walionyesha afya bora ya akili kuliko kabla ya kuhama, na nafuu hiyo ilidumu miaka yote mitatu ya ufuatiliaji. Hapa tabia ya mtu na malezi yake haviwezi kueleza tofauti, kwa kuwa ni mtu yuleyule. Lakini aliamua kuhama, na huenda alihama kwa sababu maisha yalianza kumnyookea.

Sasa tuje kwa waliopangiwa. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha katika jarida la Science kumbukumbu za wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mfuko wa nyongo. Vyumba viligawiwa kadiri vilivyopatikana. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu likatazama ukuta wa matofali. Wa upande wa miti walilazwa siku 7.96 kwa wastani, wenzao 8.70, na walihitaji dawa chache zaidi kati ya zile kali za kutuliza maumivu. Ni wagonjwa wachache mno kujengea sera, ila ulifungua mlango.

Utafiti ninaouthamini kuliko yote ulifanyika Philadelphia, ukachapishwa mwaka 2018. Watafiti walichukua viwanja 541 vilivyotelekezwa na kuvigawa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilisafishwa, likapandwa nyasi na miti michache, likazungushiwa uzio mfupi wa mbao na kutunzwa. La pili liliondolewa taka tu. La tatu halikuguswa. Wakazi wa jirani walihojiwa kabla na baada, bila yeyote kati yao kuchagua kiwanja kipi kipandwe. Karibu na viwanja vya kijani, idadi ya waliosema wanajisikia wenye huzuni nzito ilipungua kwa takribani asilimia 41 ikilinganishwa na pale pasipoguswa, na katika mitaa maskini zaidi upungufu ulikuwa mkubwa kuliko huo. Kuondoa taka peke yake hakukuleta tofauti ya kuaminika kitakwimu. Matokeo haya yanaondoa sehemu kubwa ya shaka yako kuhusu kipato, maana kura haijui mfuko wa mtu. Zingatia tu kwamba hayo yalikuwa majibu ya wakazi kuhusu hisia zao. Hawakupimwa ugonjwa na daktari.

Kuna tatizo moja ambalo kura haiondoi: dawa unaweza kuilinganisha na kidonge kisicho na kitu, lakini mti hauwezi kufichwa. Anayeuona anaweza kujisikia vizuri kwa sababu anaamini anapaswa kujisikia hivyo. Ndiyo maana baadhi ya watafiti hupima mambo yasiyotegemea kauli ya mtu. Mwaka 2008 Marc Berman na wenzake waliwatembeza watu katika bustani ya miti au katikati ya mji, kisha wakawapa tarakimu wazirudie kinyumenyume. Waliotoka bustanini walifanya vizuri zaidi, hata waliotembea kwenye baridi kali bila kuifurahia safari yenyewe. Mwaka 2022, huko Berlin, watu 63 walipigwa picha za ubongo kabla na baada ya kutembea saa moja, wengine msituni, wengine kwenye barabara yenye shughuli nyingi. Amigdala, sehemu ya ubongo inayoshiriki katika hofu na msongo, ilitulia kwa waliotoka msituni tu.

Nikiyaweka yote pamoja, nakubali kwamba mazingira ya kijani yanachangia hali njema ya akili. Mchango wake kwa mtu mmoja ni mdogo. Kwa mji mzima, na hasa kwa wanaoanzia pabaya, unastahili fedha za umma. Kama ni kivuli, utulivu, mwendo wa miguu au kupata pa kukutana na majirani, ni vigumu kutenganisha, kwa sababu huja kwa pamoja.

Sasa dada yako. Katika tafiti zote nilizotaja, hakuna hata moja iliyomwachisha mgonjwa wa sonona dawa ikampa msitu badala yake. Wale wa Berlin walikuwa watu wazima wenye afya. Kwa hiyo swali lake halijajibiwa na habari alizosoma, hata kama habari zenyewe ni za kweli. Kukatisha dawa za sonona ghafla huweza kuleta kizunguzungu, kukosa usingizi, hasira za haraka na kurudi kwa ugonjwa. Kama anataka kuziacha, ana haki ya kulisema hilo kwa aliyemwandikia, na dozi hupunguzwa hatua kwa hatua kwa usimamizi. Aeleze pia kinachomfanya azichoke. Mara nyingi ni madhara madogomadogo ambayo dozi au aina nyingine ya dawa ingeyaondoa.

Kutembea penye miti aanze hata leo, huku akiendelea na dawa, na ukiweza mfuate. Kuhama nyumba ni uamuzi mkubwa ambao ningemshauri aahirishe hadi apate nafuu, hasa kama huko anakotaka kwenda atakuwa mbali na wewe na mbali na kliniki yake. Akianza kuzungumzia kufa, au kujiona mzigo kwa wengine, usimwache peke yake na usisubiri siku yake ya kliniki: mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.