"Vyuma vimekaza", mpangaji ananidhihaki au?

SWALI: Habari zenu wahariri. Nina vyumba vya kupangisha hapa Tabora, kijana mmoja kodi yake imeisha, nilipomkumbusha kanirudishia meseji "Mama vyuma vimekaza, nivumilie kidogo." Basi, hakuna shikamoo wala samahani. Sisi tulizoea kusikia kufunga mkanda, hivi vyuma ndo vitu gani, na ni lugha ya kumwambia mtu mzima kweli?
Mama mwenye nyumba

JIBU: Shikamoo mama. Wala hajakudhihaki, kijana anasema hana hela. Chukulia nati ya gari bovu iliyopigwa mvua mpaka ikashika kutu, fundi anaweka spana anavuta weee haizunguki, ndo vyuma vyenyewe hivyo. Ndo maana mtu akilalamika vyuma vimekaza hakosi wa kumjibu "paka grisi", na mshahara ukiingia utasikia vimelegea. Msemo ulishika kasi miaka ya mwanzo ya Magufuli, serikali ilipobana matumizi, safari za nje mpaka kibali, vikao vya hotelini vikakatwa, hata sherehe za Uhuru za tarehe 9 Desemba 2015 zikafutwa watu wakashika mifagio. Sasa zile posho ndo zilikuwa zinamfikia mwenye baa, dereva teksi, mama ntilie, zilipopungua mtaani kila mtu akawa na vyuma vyake.

Kufunga mkanda ni habari nyingine kabisa. Mwalimu alipoomba tufunge mkanda miezi 18 baada ya vita vya Kagera (na zile foleni za duka la kaya we unazijua kuliko mimi, na hiyo miezi ilivyorefuka pia unajua) palikuwa na aliyeomba, na mkanda unaufunga wewe mwenyewe kiunoni kwako. Vyuma havina mtu, vimekaza vyenyewe tu, na mi naona utamu wake ndo huo, mtu anakwambia hana kitu lakini aibu haimwangukii yeye wala halaumiwi mtu. Ukisikia kasema "vimekazwa" ujue huyo ana mtu anayemlaumu ila hataki kumtaja. Na angekuandikia "nimefulia" hapo ningekasirika na wewe, maana hiyo ni ya washkaji, na anakuwa amekiri kaishiwa yeye kama yeye.

Kuhusu adabu uko sahihi mama. Huu ni msemo wa rika, wa kijiweni na kwenye magrupu, kwa mwenye nyumba alitakiwa aanze na shikamoo halafu aseme hali yangu si nzuri mama, naomba mpaka tarehe fulani. Kwenye barua ya kazini ndo usiuguse kabisa, andika nina hali ngumu ya kifedha, yatosha.

Ila kwangu mimi vyuma sio tatizo, tatizo ni hiyo "kidogo". Kidogo ni lini? Anayetaka kulipa anataja siku, hata kama ataivunja. Kwa hiyo mjibu kwa lugha yake hiyohiyo: "Mwanangu hata kwangu vimekaza, vya kwako vinalegea tarehe ngapi?" Akikaa kimya nenda kamgongee mlango, asubuhi kabla hajatoka.