Saiti moja mainjinia wawili wanaitwa Rossi, ni ndugu?

Swali: Shikamoo mtaalam. Niko Kisasa hapa Dodoma, saiti kwetu kuna mainjinia wawili Waitalia wote Rossi ila wanakataa undugu. Afu nasikia Rossi maana yake watu wekundu, mbona hawa nywele nyeusi tii?

Jibu: Marahaba. Hawakudanganyi. Rossi ndo jina la ukoo linaloongoza kwa wingi Italia, limetoka kwenye rosso, nyekundu, yaani babu alikuwa na nywele au ndevu nyekundu, au uso tu wa kuiva. Sasa mtu hupewa jina la utani kwa kile ambacho wenzie hawana, na Italia nywele nyekundu ni za kutafuta, ndo maana akitokea mmoja kijijini lazima wamwite hivyo. We chukua Bahi, Kongwa na Chamwino, kila kijiji kina mzee wanamwita Mrefu, aje karani awaandike hivyo hivyo na watoto warithi, baada ya miaka 400 akina Mrefu wamejaa mkoa mzima na hawajuani. Kule majina ya ukoo yalishaanza kurithiwa kitambo, ila Mtaguso wa Trento, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki uliofungwa 1563, ulipowabana maparoko watunze vitabu vya ndoa na ubatizo, utani ukaganda kwenye wino.

Kuhusu nywele, ule wekundu kwa kawaida unataka vinasaba vya baba na mama wote wawili, kwa hiyo mjukuu akishaoa wa nywele nyeusi, na mwanae naye hivyo hivyo, rangi inapotea, wakati jina lenyewe kwa karne nyingi lilipita kwa baba tu na halikuchuja.

Ukienda Napoli au Sisilia utakuta Russo, ni nyekundu ileile kwa lafudhi ya kusini. Rossi ni ya kaskazini na kati zaidi, na hiyo i ya mwisho ni kama kusema akina Rosso.

Halafu kati ya 1876 na 1915 Waitalia zaidi ya milioni 13 walihama kutafuta maisha, ndo unawakuta akina Rossi Argentina, Brazili, Marekani. Vijana wa pikipiki wanamjua Valentino Rossi, mzaliwa wa Urbino, wazee wa mpira wanamkumbuka Paolo Rossi wa Prato aliyetupia mabao 6 Kombe la Dunia 1982, usianze kuwaunganisha hao kwa jina tu.

Hao wa saiti kwenu waulize babu zao walibatizwa parokia gani, wakitaja moja ndo uanze kuwashuku.