Kipimo kimesema huna malaria? Huenda ni dengue, kachungulie pipa lako

Asubuhi nilitoka nyumbani mzima, nimekula chapati mbili na chai. Saa saba mchana sikuweza hata kushika kalamu. Ilikuwa Mei 2019, masika ndiyo yanaishia, Dar kila dimbwi limejaa. Macho yaliniuma kwa ndani, nikiyageuza kutazama pembeni naona kama yatachomoka. Magoti na mgongo ndiyo usiseme.

Jioni nikapitia duka la dawa karibu na ninapopanga, Sinza, nikanunua mseto, dawa ya malaria, bila kupima. Ndivyo tulivyolelewa: homa ni malaria. Nikamaliza dozi ya siku tatu, homa iko palepale. Nikaenda zahanati ya jirani, kipimo kikasema hakuna malaria. Unajua nilichoambiwa? "Wadudu wamejificha." Nikaongezewa taifodi juu yake, na sindano ya diklofenaki ya maumivu. Usiku ule fizi zikaanza kutoa damu.

Shemeji yangu ndiye aliyenikokota hospitali kubwa. Daktari, mzee wa makamo asiye na haraka, aliniuliza maswali mawili tu: macho yanauma ukiyageuza? Umechomwa sindano gani? Kisha akaagiza kipimo cha dengue, homa ya kirusi inayoenezwa na mbu, na kuhesabu chembe zinazogandisha damu. Zilikuwa zimeshuka.

Kwa hiyo la kwanza: kipimo cha malaria kikisema huna, usirudie mseto kwa kuamini wadudu wamejificha. Malaria Dar imepungua sana, haifanani na ya Kigoma au Geita. Uliza kuhusu dengue. Na mpaka ujue unaumwa nini, kaa mbali na diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, maana huongeza hatari ya kutokwa damu. Parasetamoli inatosha kwa homa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Dawa ya kuua kirusi cha dengue haipo. Kinachomvusha mtu ni maji, uji, madafu, supu, na kupumzika. Antibayotiki haisaidii. Majani ya mpapai nililetewa jagi zima na jirani, nikanywa kwa heshima yake, lakini sitakudanganya kwamba ndiyo yaliyoniponya.

La pili watu wengi hawalijui, na ndilo linaloua: homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, usishangilie. Hapo ndipo hatari huanzia kwa baadhi ya wagonjwa. Tumbo likiuma sana, ukitapika mfululizo, ukitoka damu puani au kwenye fizi, ukijihisi umelegea au huwezi kutulia, nenda hospitali usiku huohuo. Dengue zipo aina nne. Ukiugua moja, hiyo haikurudii, lakini ukipatwa na nyingine baadaye inaweza kuja kali zaidi. Ndiyo maana mimi niliyekwisha kuugua ndiye mwoga kuliko wote pale nyumbani.

Ugonjwa wenyewe si mgeni kwetu. Daktari James Christie kutoka Uingereza aliandika juu ya mlipuko wa Zanzibar wa 1870, watu wakiuita kidinga pepo. (Wapo wataalamu wanaosema ile huenda ilikuwa chikungunya, ambayo nayo jina lake ni la Kimakonde.)

Sasa mbu. Nilikuwa nalala kwenye chandarua kila siku, nikajiona nimejikinga. Aedes, mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, zaidi asubuhi na kabla ya jua kuzama. Hana haja na mtaro mchafu kama tunavyodhani. Anapenda maji yaliyotulia kwenye vyombo vyetu. Nilipopata nguvu nikazunguka ua wetu wa wapangaji sita. Viluwiluwi walikuwa kwenye pipa langu mwenyewe, kwenye vifuu vya nazi nyuma ya jiko, sahani ya chungu cha maua, na tairi la mwenye nyumba.

Matangazo husema mwaga maji. Nani Dar atamwaga maji aliyonunua kwa ndoo, hajui bomba litatoka lini? Fanya hivi: funika pipa kwa kitambaa cha neti, ulikaze kwa mpira wa tyubu. Maji yakikaribia kuisha, sugua kuta za ndani kwa brashi ngumu. Usisuuze tu, maana mayai hunata ukutani na huweza kukaa miezi mikavu yakisubiri maji. Yai hadi mbu ni siku kama 7 hadi 10, hivyo mara moja kwa wiki inatosha. Kupuliza dawa mtaani huua wanaoruka tu, waliomo pipani wanabaki. Mgonjwa wa dengue naye alale ndani ya chandarua hata mchana, mbu wasimuume wakapeleka kwa watoto. Na ukishafunika, weka kata yenye mpini mrefu ya kuchotea, mikono isiingie majini. Dar tulishaonja kipindupindu 2015.

Wapangaji wenzangu wanne wamekubali, kila Jumamosi tunasugua. Wa tano anasema namtafutia kazi. Mwenye nyumba amekataa kabisa kulitupa tairi, anadai ana gari la kulifunga kijijini. Nimelijaza mchanga, watoto wanalikalia.