Usikate waya wa swichi ya stendi kabla hujaifungua

Juzi usiku kijana mmoja wa Mbagala kaniandikia: "Dada shikamoo. Pikipiki yangu ikiwa frii inawaka vizuri na inatulia, ila nikitia gia tu inazima. Fundi wa kijiweni kwetu anasema ni swichi ya stendi, anataka aikate aunge dairekti, elfu 10. Nimpe nimalizane nayo?"

Marahaba mdogo wangu. Usimpe kwanza. Swichi ya stendi ndiyo inayokata moto ukitia gia huku stendi ya pembeni ya pikipiki iko chini. Nilikujibu kwa mstari mmoja kwa sababu saa 10 alfajiri nilitakiwa niwe soko la samaki la Feri, lakini jibu lenyewe ni refu, na mimi nililipia kwa mfupa. Hadi leo nikibeba ndoo kwa mkono wa kulia, mtulinga unanikumbusha.

Mnaonifuatilia mnajua nauza samaki. Nilianza na ndoo mbili, nanunua mnadani Feri, nakodi boda hadi Kinondoni, faida yote inaishia kwenye nauli. Mwaka 2019 nikanunua Honda ya mtumba kutoka Japani, nyekundu, kwa fedha yangu ya vikoba. Shemeji yangu alisema mbele ya watu kwamba mama wa watoto wawili hapandi pikipiki na sanduku la samaki nyuma. Nilipanda. Haukuisha mwaka nikawa na wateja wa kudumu Oysterbay, Kinondoni na Sinza, na pikipiki ile ndiyo ililipa ada za wanangu. Nayasema haya ili ujue kwamba sikuwa mtu wa kuchezea chombo chake. Pikipiki yangu naijua kama ninavyomjua samaki kwa kumfunua shavu tu.

Shida ilianza masika ya 2022. Nikipita kwenye tuta, injini inakata kidogo, halafu inarudi. Nikadhani ni plagi, nikabadilisha. Nikadhani ni mafuta, nikahama kituo. Baada ya wiki kama mbili ikawa vilevile kama yako: frii inawaka, gia inazima. Siku hiyo samaki na barafu vimeshaingia sandukuni, jua linapanda, wateja wanapiga simu. Fundi wa jirani akachuchumaa upande wa kushoto, akazifuata nyaya mbili zinazotoka kwenye stendi, akazikata kwa koleo, akazisokota pamoja, akazungushia tepu nyeusi. Dakika tano. Nikatia gia, ikaondoka. Alitaka 8,000. Nilimpa, nikamwongezea vibua wawili kwa shukrani.

Miezi miwili nilimsifia kila ninapopita. Dada mmoja wa Mwananyamala anayepeleka vyakula vya mchana maofisini alikatiwa swichi yake kwa maneno yangu mimi. Hilo linaniuma kuliko mtulinga.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Nimeshusha samaki aina ya changu kwa mama mmoja Oysterbay, pikipiki nimeiegesha kwa stendi ya pembeni. Napokea hela, simu inaita, mteja wa Kinondoni anauliza nimefika wapi. Nikaongea huku nimeshapanda, nikawasha, nikaondoka. Stendi iko chini. Na hapa ndipo watu wengi hawaelewi: ukiwa unaenda mbele, husikii kitu. Pikipiki haiyumbi, haipigi kelele, haina tofauti yoyote. Kona zote nilizokata kutoka pale hadi barabara ya Ali Hassan Mwinyi zilikuwa za kulia, na ukilalia kulia ile stendi inazidi kwenda mbali na lami. Nimekwenda hivyo hadi mataa ya Moroko nikiwa na amani kabisa.

Pale Moroko nikakata kushoto kuingia Kawawa. Stendi iko kushoto. Nilipolalia kushoto, chuma kikakita lami na kuinyanyua pikipiki kama jeki. Usukani ukakataa. Pikipiki ambayo nilikuwa naizungusha kushoto ikasimama wima na kunipeleka kulia, kwenye njia ya daladala. Nilisikia mlio wa chuma, halafu nikaona sanduku linapita juu yangu. Nilipofungua macho nilikuwa nimelalia bega la kulia na kibua mmoja ameniegemea shavuni, baridi, na barafu zinateleza kwenye lami kama vioo vilivyovunjika. Daladala ilikuwa imesimama karibu yangu kiasi kwamba joto la injini yake nililisikia kichwani. Yule dereva simjui hadi leo. Mungu amlinde popote alipo.

Yaliyofuata ni ya kawaida: Bajaji, foleni, picha, mtulinga umevunjika, mkono ukaning'inizwa kwa wiki sita. Wiki sita bila kuuza. Shemeji alikuja kuniona na kusema "si tulisema." Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: sikuanguka kwa kuwa ni mwanamke. Nilianguka kwa sababu stendi ilikuwa chini na kitu pekee cha kunizuia kuondoka nilikuwa nimelipa kikatwe.

Nilipopona niliikokota pikipiki hadi mtaa wa Gerezani kwa mzee mmoja fundi niliyeelekezwa na mtu wa vipuri. Nilimwamkia, nikamweleza, akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza swali moja tu: "Binti yangu, fundi wako aliifungua swichi kabla ya kuikata?" Hapana. Hakuna aliyeifungua.

Akafungua boliti mbili, akaishika mkononi, akanionyesha. Chumvi. Chumvi nyeupe imeganda kwenye kile kidude kinachoingia na kutoka, na ndani shaba imeota kutu ya kijani. Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye sanduku langu la samaki. Tundu la kutolea maji ya barafu lilikuwa kona ya kushoto. Kila siku kwa miaka mitatu maji ya samaki yalikuwa yanadondoka palepale. Swichi haikuharibika yenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nainywesha maji ya chumvi kila asubuhi.

Hakuishia hapo. Akaishika stendi ikiwa juu akaitikisa kwa kidole, ikacheza. Springi imelegea. Ndiyo maana injini ilikuwa inakata kwenye matuta: stendi inashuka kidogo, swichi inaona imeshuka, inakata moto. Ilikuwa inasema kweli! Wiki mbili nzima ilikuwa inaniambia "stendi yako inashuka njiani," na mimi nikatafuta mtu wa kuiziba mdomo.

Mzee alinieleza inavyofanya kazi na mimi nakueleza wewe. Swichi ile imeungwa kwenye njia moja na swichi ya frii, na kwenye pikipiki nyingi na ya klachi pia. Injini inaruhusiwa kuwaka kama gia iko frii, au kama stendi iko juu. Ukitia gia na stendi iko chini, moto unakatwa. Kwa hiyo pikipiki inayowaka frii na kuzima kwenye gia wakati stendi iko juu, inaamini kwamba stendi iko chini. Kazi yako ni kujua kwa nini inaamini hivyo. Ni uchafu? Ni waya uliokatika ndani ya ganda lake pale unapopindapinda kwenye egemeo la stendi? Ni springi? Au ni klachi na frii zenyewe, maana ziko njia moja, na ukikata waya wa stendi wakati ugonjwa uko kwingine umetoboa pasipouma?

Fungua kwanza. Boliti ni moja au mbili tu. Safisha kwa dawa ya kusafishia koneksheni na mswaki wa zamani, bonyeza kile kidude kiingie na kutoka mara nyingi mpaka kiwe laini. Fundi mwenye mita ya kupimia umeme aipime: kwenye ile yangu, stendi ikiwa juu mita inalia, yaani njia imeungana, ikiwa chini inanyamaza. Zipo zilizotengenezwa kinyume, na zipo za nyaya tatu, ndiyo maana fundi anayekata na kujaribu kuunga hii na hii anaweza kukuunguzia fyuzi na ukaanza ugonjwa wa pili. Kama imekufa kabisa, nenda Kariakoo na ile ya zamani mkononi, usiende kwa maelezo ya mdomo. Yangu nilinunua 25,000 na springi juu yake. Piga hesabu mwenyewe, 25,000 na wiki sita bila biashara.

Najua utasema pikipiki nyingi za Boxer za vijiweni hazina swichi hiyo na watu wanaishi. Kweli, wanaishi, na mwendesha boda aliyekulia kwenye pikipiki isiyo nayo ana mazoea ya kupiga stendi kisigino kabla hajagusa klachi. Wewe na mimi tuliozoea pikipiki inayotukumbusha hatuna mazoea hayo. Ukiikata, mazoea hayaji na ile tepu nyeusi. Hata Honda za zamani ambazo hazikuwa na swichi, mzee alinionyesha, zilifungwa kipira kwenye ncha ya stendi: kikigusa lami kinavutwa nyuma na kuikunja stendi. Nenda kaangalie pikipiki hizo mtaani, vipira vimelika au vimeng'olewa. Ulaya wana sheria tangu 1993: stendi ya pembeni ama ijirudishe yenyewe ama injini isiweze kuiondoa pikipiki ikiwa stendi imeshuka. Watu hawaandiki sheria kwa jambo ambalo halijaua.

Umekwama Pugu saa 5 usiku, mvua, peke yako? Unga. Ufike nyumbani salama, sitakulaumu, mimi pia ningeunga. Lakini funga kitambaa chekundu kwenye usukani, kesho asubuhi ukione, na usiende kazini mpaka umefungua swichi. Hatari ni ile ya muda kugeuka ya kudumu. Ile yangu ilikuwa "ya leo tu" nayo ikakaa miezi miwili.

Na nyie mafundi wangu wa vijiweni, ambao nawaheshimu kwa sababu mnatuweka barabarani: mteja akija na haraka, mwambieni ukweli. Mwambieni "naunga, lakini hii ni breki ya usahaulifu wako naiondoa." Aamue akiwa anajua. Mimi sikuambiwa. Nilirudi kwa fundi wangu na mkono umefungwa, akaniambia mbona pikipiki iliwaka. Ni kweli iliwaka. Neno hilo bado sijaweza kulimeza.

Yule dada wa Mwananyamala nilimfuata mwenyewe kabla hata sijaanza kuuza tena. Nilimlipia swichi mpya. Alikataa hela, nikamwachia kwa mwanawe.

Sasa nina pikipiki mbili, na kijana ninayemwajiri kwenye ya pili hapokei ufunguo kabla hajanionyesha swichi inakata: anakaa, anashusha stendi, anawasha, anashika klachi, anatia gia, izime mbele yangu. Sanduku zote mbili nimezitoboa upya. Maji ya barafu yanapita kwenye mpira mwembamba hadi nyuma ya kibao cha namba, mbali na stendi na mbali na ekzosi, na kila Jumapili nasuuza upande wa kushoto kwa maji baridi ya bomba.

Wewe wa Mbagala, kesho fungua zile boliti, piga picha ya ndani ya swichi, nitumie. Na uitikise stendi kwa kidole ikiwa juu, uniambie kama inacheza.