Mafuta ya plastiki yakiganda asubuhi: maswali yenu

Tangu nigusie hii ishu ya kupika plastiki kwenye pipa lililozibwa hewa ili upate mafuta ya kuchoma, simu yangu haijatulia. Meseji nyingi zinaimba wimbo mmoja, "yameganda". Kipupwe ndo hiki, kwa hiyo leo najibu hayo tu, wa mashine za kusaga mtanivumilia.

Kaka, mchana mafuta yangu yanamiminika fresh, asubuhi nakuta yamekuwa kama samli. Nimekosea wapi? (Mbagala)

Hujakosea, hiyo ni nta. We kumbuka mafuta ya nazi ya bibi, Julai asubuhi mpaka chupa ianikwe juani ndo yatoke, basi ni mambo hayohayo. Plastiki ya madumu na mifuko laini ni mnyororo mrefu mno wa kaboni, unapoipika moto unaukatakata, vipande vifupi vinakuwa mafuta mepesi na vile virefu, kama kaboni 20 kwenda juu, ndo nta yenyewe. Joto likishuka nta inajitenga, inakuwa vipande bapa vidogo vidogo ambavyo vinashikana kama wavu na kuyafungia mafuta yote ndani, na wala haihitaji nta nyingi, asilimia chache tu pipa zima linasimama. Yani unaona uji kumbe sehemu kubwa humo ndani bado ni majimaji, yamekamatwa tu.

Kabla hujanunua dawa yoyote ya kuzuia kuganda, pima. Jaza kichupa cha kioo, kitumbukize kwenye maji ya moto (sio kwenye jiko!) mpaka mafuta yawe angavu, alafu kihamishie kwenye beseni na uongeze barafu kidogo kidogo huku kipimajoto kiko ndani, na kila zikishuka nyuzi 3 unakiinamisha uone. Ukifika pale ambapo umekilaza kabisa sekunde 5 na mafuta hayasogei, chukua hiyo namba jumlisha 3, hapo ndo mwisho wa mafuta yako kumiminika. Usiku wa Julai hapa Dar unashuka mpaka karibu nyuzi 19 au 20, kwa hiyo aliyepata 30 ana kazi, aliyepata 10 akalale.

Nimeuziwa dawa ya kufanya mafuta yasigande, nimemimina kwenye dumu lililoganda nikakoroga hadi mkono ukauma, hamna kitu. Nimepigwa? (Tegeta)

Inawezekana hujapigwa dada yangu, ila umechelewa. Hizi dawa haziyeyushi nta. Kazi yake ni kuiwahi wakati inaanza kujitenga, inaingia katikati ya vile vipande na kuviharibu umbo, vinabaki vidogo na vinashindwa kushikana kuwa wavu. Sasa wavu ukishafumwa dawa itaingilia wapi? Pasha mafuta mpaka nta yote iyeyuke, kwa mafuta ya plastiki nyuzi 70 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia, weka dawa, koroga, yaache yapoe. Na usije baadae ukayapasha nusunusu, yale ya vuguvugu halafu basi, maana yanaweza kuganda vibaya kuliko mwanzo, ukiamua kupasha pasha mpaka mwisho.

Kipimo chake ni kidogo, gramu chache kwa lita 10 mara nyingi, na kujaza zaidi kunaweza kuharibu. Pia dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli inaweza isielewane kabisa na nta nzito ya madumu, kwa hiyo jaribu vichupa vitano kwanza. Kuna aina moja maarufu inaitwa EVA, ni jamii moja na ile soli laini ya ndala, na najua kuna mtu ameshaanza kuziangalia ndala zake, acha kaka, ile ya ndala imeshafungwafungwa kiwandani haitayeyuka kwenye mafuta, utabaki peku bure.

Je nikichanganya na petroli? (Gongo la Mboto)

Yatalainika ndiyo, na yatashika moto kwa cheche ya mbali. Usifanye. Dizeli kidogo ni salama zaidi, ila piga hesabu kama bado unapata faida. Na ukichanganya alafu ukauza kama dizeli huo ni uchakachuaji, EWURA, wale wasimamizi wa nishati, watakupata kwa vinasaba, yani alama za kemikali zinazotiwa kwenye mafuta halali.

Plastiki gani inatoa mafuta yasiyoganda? (Vingunguti)

Hapa ndo penyewe, maana watu wanahangaika na dawa wakati ugonjwa wameuingiza wenyewe pipani. Angalia namba kwenye kile kipembetatu kilichochapwa kwenye plastiki. Namba 2 na 4, madumu na nailoni, ndo mama wa nta. Namba 5, viti, ndoo nyingi, viroba vya sukari, mnyororo wake una matawi matawi hivyo vipande vyake havipangani vizuri na mafuta yanakuwa mepesi zaidi. Ukizidisha namba 5 utaona tofauti wiki hiyohiyo. Namba 1, chupa za maji, weka pembeni uza skrepa, ukizipika zinatoa unga wa asidi unaoziba mabomba (vizibo vyake ni sawa, kwa kawaida ni 2 au 5). Namba 3, mabomba ya PVC, kamwe, moshi wake una asidi inayokula chuma na mapafu yako.

Wenzangu wanasema nipooze na maji ya barafu ndo mafuta yatoke mengi. Kweli? (Kigamboni)

Mdogo wangu nakuomba usifanye hivyo. Mi mwenyewe lilinikuta, nta iliganda ndani ya bomba la kupozea, mvuke ukakosa njia na mfuniko ukaruka, bahati nilikuwa nimeenda kununua vocha. Poza kwa hatua. Kati ya pipa na kondensa (hilo bomba la kupozea mvuke) simamisha bomba nene la wima lisilo na maji, mvuke mzito ukigusa kuta zake unageuka tone na kurudi pipani ukakatwe upya, mwepesi unapita. Kondensa ya kwanza maji yawe ya moto, ya pili ndo ya baridi. Utapika muda mrefu zaidi na gesi itaongezeka, ila nta inapungua sana, na kwangu hiyo inashinda dawa yoyote ya kwenye chupa.

Bomba la kutoka Uganda mpaka Tanga nalo si ni mafuta yenye nta? (Keko)

Ndiyo, kilomita 1,443 mpaka Chongoleani. Pale suluhisho ni joto, bomba limevikwa kizuia joto na kuwekewa nyaya za umeme ili mafuta yabaki juu ya nyuzi 50. We wa Keko huna hela hiyo, ila tenki lako unaweza kulivika magunia na kuliweka upande wa jua.

Naweza kutia kwenye bodaboda? (Buguruni)

Hapana. Tia kwenye bana (kichomeo) ya tanuru, na filta uiweke karibu na moto isipoe.