Una baridi yabisi na meno ya mbele hayakutani? Usikubali kuchongwa magego

Dada, ahirisha hiyo miadi. Jino likishachongwa halirudi.

Umesema una baridi yabisi ya miaka mingi, siku hizi meno ya mbele hayakutani hata kukata uzi wa kushonea huwezi, na daktari wa meno amepanga kupunguza magego "yaliyorefuka" ili mdomo ufunge. Umeuliza pia mazoezi ya taya na kifaa cha kuvaa usiku, hayo tutayaongea siku nyingine, maana hili la kuchonga limenichoma moyo. Magego yako hayajarefuka. Ni taya linalofupika.

Weka kidole mbele kidogo ya sikio, fungua mdomo, funga. Kinachocheza hapo ni kichwa cha mfupa wa taya la chini, kimoja kila upande. Baridi yabisi huvimbisha utando wa ndani wa kiungo. Utando unanenepa, unatambaa juu ya kichwa cha mfupa na kuanza kukila. Kichwa kinakuwa bapa, kimo kinapungua. Mara nyingi ni pande zote mbili, kwa hiyo taya zima linapanda kwa nyuma na kidevu kinarudi ndani. Magego yanagongana mapema, mbele panabaki wazi. Mlango ukigoma kufunga kwa sababu bawaba imelika, fundi anayeuranda mlango anauharibu mlango, na bawaba inaendelea kulika.

Mimi nilichongwa. Mdomo ulifunga vizuri, nikashukuru. Baadaye uwazi ukarudi, kwa sababu ugonjwa ndani ya kiungo haukuwa umeguswa na mtu. Nikarudishwa kitini, akachonga tena. Safari hiyo gamba gumu la jino lilibaki jembamba mno hata nikivuta hewa ya baridi kwa mdomo machozi yananitoka. Gego moja likaishia kutolewa mishipa na kuvikwa taji. Na uwazi wa mbele upo mpaka leo!

Yule daktari aliviona vidole vyangu vimepinda nimeshika fomu yake, na hakuuliza neno. Wa baridi yabisi naye sina la kumsifu. Kila kliniki alibonyeza mikono, viwiko na magoti, akajaza hesabu yake ya viungo 28 na kuniambia ugonjwa umetulia. Taya halimo katika viungo hivyo 28! Nilipolalamika kwamba asubuhi taya linakaza na kulia kama mchanga unaosagwa, nikaambiwa ni mawazo, nasaga meno usingizini. Wawili hao walikuwa wanamtibu mtu mmoja na hawakuandikiana hata mstari.

Usiridhike na eksirei bapa ya kawaida ukiambiwa "mfupa uko sawa". Inaonyesha mfupa ukiwa umeshalika vya kutosha, uvimbe wa utando haiuoni. Picha ya MRI, ile ya mashine ya sumaku, yenye dawa ya kung'arisha ndiyo inayouona ugonjwa ungali mbichi. CT, eksirei inayopiga picha tabaka kwa tabaka, inafaa kwa kuona umbo la mfupa wenyewe.

Kanuni yangu ni hii, na siilegezi kwa mtu: kisifanyike kitu kisichorudishika mdomoni mpaka baridi yabisi itulizwe kwa dawa na meno yakae pale pale kwa miezi kadhaa. Kuchonga, waya za kunyoosha meno, mataji, vyote vinasubiri. Kama taya bado linavimba huku unatumia methotreksati, ile dawa ya kutuliza baridi yabisi, hiyo ni hoja ya kumpelekea daktari wa baridi yabisi aangalie upya dawa, na mwenye mashine ya kuchonga asubiri zamu yake.

Leo simama mbele ya kioo na rula, fungua mdomo mpaka mwisho, pima kutoka ncha ya jino la juu la mbele hadi la chini. Watu wazima wengi hufika milimita 40 na kuzidi. Andika namba na tarehe, rudia kila mwezi, nenda nayo kliniki. Ikipungua hakuna wa kukuambia ni mawazo. Na ukipangiwa upasuaji wowote, hata wa goti, mwambie mapema daktari wa usingizi kwamba mdomo haufunguki vizuri na una baridi yabisi, maana kupitisha mpira wa hewa kooni kunaweza kuwa kugumu, na shingo nayo huwa imeathirika kwa baadhi yetu.

Mwombe daktari wa meno aandike barua kwa yule wa baridi yabisi, aeleze alichokiona na anachotaka kufanya, asubiri jibu. Akikataa, tafuta mwingine.

Hukusema miadi ni lini. Kama ni wiki hii, piga simu sasa hivi, kisha urudi hapa uniambie wamejibu nini.