Chokoleti nyeusi, presha na korosho: majibu kwa wasomaji wa Kusini

Shikamoo dokta. Nina presha. Mwanangu kaniletea chokoleti nyeusi kutoka Dar, anasema inashusha. Naweza kupumzika vidonge? (Mama, Masasi)

Marahaba mama. Chokoleti kula, vidonge usiguse. Kakao ina viini viitwavyo flavanoli, ambavyo husaidia mishipa ya damu kutanuka. Hilo ni kweli. Lakini tafiti zilizojumlishwa mwaka 2017 ziliona presha ikishuka kwa wastani wa pointi 2 tu. Ukipimwa 160 leo, kakao itakufikisha 158, na huko bado ni hatarini. Tena wengi katika tafiti hizo walipewa kakao yenye flavanoli nyingi kuliko chokoleti ya dukani.

Mwaka 2022 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha watu zaidi ya 21,000. Nusu walimeza vidonge vya kakao, nusu vidonge vitupu visivyo na kakao, kwa miaka zaidi ya mitatu. Matukio ya moyo na kiharusi kwa ujumla hayakupungua kwa kiwango cha kutegemewa. Vifo vya moyo vilipungua, ila hilo halikuwa swali kuu la utafiti, kwa hiyo mimi silitangazii mtu.

Vipande viwili baada ya chakula vinatosha. Na umwambie mwanao safari ijayo alete mashine ya kupimia presha.

Asilimia 70 kwenye karatasi ni ya nini? (Newala)

Ni kiasi cha kakao pamoja na mafuta yake. Kinachobaki kwa sehemu kubwa ni sukari. Gramu 100 zina kalori zipatazo 600, kwa hiyo mwenye kisukari asihadaike na neno "nyeusi". Soma orodha ya viambato: sukari ikitajwa mwanzo, hiyo ni pipi.

Chokoleti yangu imetoka weupe juu. Imeota ukungu? (Mikindani)

Joto letu hilo. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Yakiganda tena hujitokeza juu yakawa meupe. Inalika, ingawa utamu umepungua. Ukiona manyoya au ikinuka, tupa.

Mtoto akinywa kakao usiku hapati usingizi. Kwa nini? (Kilwa Masoko)

Ina kafeini kidogo, ile inayofukuza usingizi. Mpe asubuhi. Na mbwa asionjeshwe kabisa, kwake ni sumu.

Sisi tunabangua korosho. Tuuze tununue chokoleti kwa ajili ya afya? (Tandahimba)

Jamani, hapana! Korosho gramu 100 zina madini ya magnesiamu miligramu 290 hivi, chokoleti nyeusi kama 230, na korosho haina sukari ya kuongezwa. Mafuta yake mengi ni yale yasiyodhuru moyo. Zile zilizovunjika ambazo mnunuzi anazikataa, kaangeni bila chumvi, mle kiganja kimoja kwa siku. Mkiitamani kakao, nunueni ya unga isiyo na sukari (Kyela wanailima), mtie kijiko kwenye uji wa watoto wa asubuhi.